Sauti ya Bibi Barabarani

Lugano hakuwa anavuka barabara. Hilo ndilo lililomkaa Mhandisi Subilaga kooni kila aliporudisha picha nyuma na kuitazama upya. Mtoto anayevuka hujulikana: hukaza macho ng'ambo, hukimbia, huacha ndala moja nyuma. Huyu alitembea taratibu hadi katikati ya lami, akageukia upande wa Tunduma, akashika kiuno, akasimama kama mtu aliyefika kwao. Lori lililotokea kwenye kona lilikuwa limebeba shaba. Breki zake zilikuwa nzima na dereva wake alikuwa macho. Umbali tu ndio haukutosha.

"Sauti ipo?" Subilaga aliuliza.

Gwamaka, msaidizi wake, alikuwa nayo tangu asubuhi ila hakutaka kuiweka. Akaiweka. Ulisikika upepo, wakasikika ndege, halafu mtoto wa miaka saba akilichokoza lori kwa furaha zote za dunia: "Njoo basi, kibogoyo! Njoo unishike!"

Pale Kitengo cha Bangili kila mtu alijua kibogoyo ni nani. Alikuwa mama mzazi wa Mhandisi Subilaga.

*

Miaka hiyo mtoto alivishwa bangili siku ya arobaini yake, anapotolewa nje. Ilikuwa nyepesi kama shanga, na ilipanuka kadiri mkono ulivyokua. Ilitoa mlio ambao sikio la mtu halisikii, mlio uliopenya kona, ukungu na migomba, na kila gari liliusikia mapema, likapunguza mwendo, likasimama. Ndani ya gari nako mambo yalikuwa hayohayo: gari halikung'oka mpaka bangili itulie kwenye kiti cha mtoto na mkanda uwe umebana. Vifo vya watoto barabarani, ambavyo zamani vilisomwa redioni sambamba na bei za mazao, vikakoma. Watu wakasahau kwamba viliwahi kuwapo.

Mwanzoni palikuwa na tatizo moja. Gari zito likisimama ghafla mbele ya mtoto wa miaka mitatu, mtoto huganda. Hulia, hukaa chini palepale, na foleni hurefuka nyuma yake. Wataalamu walijaribu honi. Wakajaribu nyimbo. Wakajaribu sauti laini ya mwanamke aliyekuwa msomaji wa habari, na watoto wakazidi kulia. Ni Subilaga, wakati huo ametoka chuoni juzi, aliyewaambia wakubwa wake kwamba mtoto wa huku akibanwa na hofu hamtafuti mtu mpole. Anamtafuta bibi yake, amtanie mpaka kilio kigeuke kicheko. Bibi na mjukuu ni watani. Wanaitana mume na mke mwenza, wanatukanana vipara na mapengo, na hakuna anayenuna.

Basi akamleta mama yake, Bibi Anyisile wa Uyole, mwanamke mwenye mdomo ambaye hata msibani walimkalisha mbali na wafiwa wasije wakacheka. Wakamrekodi. Tangu siku hiyo gari likisimama mbele ya mvulana lilisema, "Mume wangu, unakwenda wapi, hata kuniaga hujaniaga?" Kwa msichana lilisema, "Mke mwenzangu, leo zamu ya kupika ni yako, mimi kiuno kimekataa." Mtoto alicheka, akarudisha tusi lake, akakimbilia pembeni, gari likapita. Lilikuwa jambo zuri kulitazama. Subilaga alipandishwa cheo.

Kisha watoto wakaanza kwenda barabarani kumfuata bibi.

Hakuna aliyeshtuka, maana hakuna aliyeumia. Mchezo ukapata jina, kumwamsha bibi, na wazazi wakauzoea kama walivyozoea rede na kombolela. Lakini mtoto akitimiza miaka saba bangili ilivuliwa. Isingewezekana vinginevyo: kama kila mwanafunzi angeweza kusimamisha magari kwa kunyoosha mkono, viazi vingeozea mashambani. Siku ya kuvua, familia ilichinja kuku, mtoto akapigwa picha akiwa ameinua mkono mtupu, na mtu mzima mmoja akamweleza kwamba kuanzia leo magari hayatakusikia tena, uwe mwangalifu. Mtoto aliitikia. Lugano naye aliitikia. Kuambiwa si kufunzwa, na yule mtoto hakuwahi kufunzwa kuogopa kitu chochote chenye magurudumu.

*

"Tuizime sauti," Subilaga alisema kwenye kikao.

"Tulijaribu Makambako, dada," Gwamaka akajibu. "Walidhani bibi amelala. Wakawa wanayapiga magari kwa mawe ili aamke."

"Tuwaachie bangili mpaka miaka minane."

"Basi tatizo litakuwa la wa miaka minane."

"Sauti nyingine. Ya mwanaume, kali."

"Hiyo nayo tumeijaribu. Wanalia siku hiyo, kesho wanatafuta gari lenye bibi." Gwamaka alikuwa kijana mpole, na maneno yaliyofuata aliyasema huku akiangalia meza. "Kilichofanya kazi kwenye majaribio ya mtambo wa kompyuta ni kimoja. Mwaka wa mwisho wa bangili, gari lichelewe kusimama. Lisimgonge, ila limkaribie. Na anayefoka awe Bibi mwenyewe."

"Mama yangu hafoki."

"Hatuhitaji kumsumbua. Sauti ni mali ya kitengo, na mtambo unaweza kumsemesha lolote. Mchelea mwana kulia hulia yeye, dada. Na kuna Lugano wengine wanaovuliwa bangili kila wiki."

Hakuhitaji kuongeza kwamba mmoja wao alikuwa Tusekile, binti wa pekee wa Subilaga, ambaye angetimiza miaka saba mwisho wa mwezi. Jioni iliyotangulia Subilaga alikuwa amemkuta katikati ya barabara ya mtaani kwao, ameshika kiuno, akibishana na gari la taka kuhusu nani mzee zaidi. Alimwita, akamfokea, akamweleza habari za kona na breki. Tusekile alimsikiliza kwa heshima zote. Halafu akasema, "Lakini mama, bibi hawezi kunigonga."

*

Nyumba ya Bibi Anyisile ilitazamana na barabara kuu. Mwenyewe alikuwa uani akimenya viazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huyo mume wako anakula na sehemu yako?"

Subilaga alikaa kwenye kigoda, akachukua kisu cha pili, akaeleza. Alianza na takwimu kwa sababu takwimu hazitetemeshi sauti. Hakutaja jina la mtoto wala alichokisema. Mama yake aliendelea kumenya mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka niwafokee watoto."

"Nataka waogope barabara."

"Hawataogopa barabara, Subi. Wataniogopa mimi."

"Kwao ni kitu kimoja. Ndiyo shida yenyewe."

Bibi Anyisile aliweka kisu chini. "Hebu nisikilize. Mama anachapa. Baba anakunja uso. Kazi ya bibi ni kumfunika mtoto kwa kanga mpaka fimbo ipite. Sasa bibi naye akishika fimbo, mtoto akimbilie wapi?"

"Pembeni mwa barabara," Subilaga alisema.

Jibu lilimtoka haraka kuliko alivyotaka, na aliona aibu. Mama yake alimtazama muda, wala hakuwa na utani usoni.

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wahenga wamemtaja mama hapo. Bibi hawakumtaja. Mfunze wewe, tumia sauti yako."

"Sauti yangu hawaifuati barabarani. Wanaifuata yako."

"Mimi nikipita sokoni watoto wananikimbilia mpaka naangusha kapu. Harusini wananiita mke wa taifa. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, na hao ndio walionirudishia kucheka. Unataka nianze kuwakimbiza?" Alichukua kiazi kingine. "Mimi si zimwi. Kunywa chai uende kazini."

*

Kwa hiyo Subilaga alijaribu njia ya Gwamaka. Akiwa peke yake ofisini aliuagiza mtambo umfanye mama yake afoke, nao ukamfanya. Sauti ilikuwa yenyewe hasa, pamoja na ule upepo mdogo unaotokea pale penye pengo, lakini hasira ilikuwa ya mtu mwingine, mtu asiyemjua mtoto yeyote. Aliisikiliza mara moja, akaifuta. Alijiambia ameifuta kwa sababu haina ubora. Ukweli ni kwamba alijisikia kama mtu aliyemvua mama yake nguo hadharani.

Kesho yake Bibi Anyisile alifika kitengoni bila kuitwa, amejifunga kitenge kipya na kilemba, akapita kwa mlinzi akimtania kuhusu tumbo lake.

"Nasikia amekufa mtoto," alisema. "Wewe uliniletea hesabu. Nioneshe mtoto."

"Mama, si vizuri uone."

"Nioneshe."

Gwamaka aliiweka picha. Bibi Anyisile alisimama karibu na kioo cha mtambo, maana macho yake hayakuwa mazuri. Alimwona Lugano akitembea, akigeuka, akishika kiuno.

"Ananiigiza," alisema. "Hivyo ndivyo ninavyosimama mimi."

Ndipo ikaja sauti. Aliposikia kibogoyo alipeleka mkono mdomoni, akaziba pengo lake kwa vidole. Gwamaka alikata picha kabla lori halijafika.

"Mama yake yupo?"

"Yupo," Subilaga akasema. "Uyole hapohapo, upande wa juu."

"Nitakwenda kumpa pole. Sijui nitamwambia mimi ni nani." Akavua kilemba. "Haya. Kiko wapi hicho cha kusemea?"

Mara ya kwanza alifoka kama mtu anayefukuza kuku, na Gwamaka alicheka, akaomba radhi. Mara ya pili ilikuwa vilevile. Utani ulikuwa umemkaa kooni miaka mingi mno, kila neno lilipita humo na kutoka likiwa na tabasamu. Alijaribu tena na tena mpaka akaketi chini, amechoka, akasema kwa hasira ya kweli kwamba hata kugombeza kumemshinda. Subilaga alitaka kumwambia basi, twende nyumbani. Hakumwambia.

Bibi Anyisile alifumba macho. Hakuna ajuaye alimwona nani humo ndani. Akatamka neno moja tu.

"Toka!"

Mlinzi aliacha lango, akaja kuchungulia kuna nini. Gwamaka alikuwa amerudi nyuma hatua nzima bila kujua.

"Imetosha?" Bibi aliuliza.

"Imetosha, mama. Unataka kuisikiliza?"

"Msinirudishie. Sitaki kuisikia mpaka nakufa."

*

Hakuna mzazi mwingine aliyeombwa mtoto. Subilaga alisema kama hii ni sumu, wa kwanza kuionja awe wa kwake.

Nyuma ya kitengo palikuwa na kipande cha barabara ya majaribio, lami kamili yenye kona na mtaro. Tusekile alifika akiwa na furaha ya safari; ndani ya gari la mama yake alikuwa amejifunga mkanda mwenyewe na gari likamsifu kwa sauti ya Bibi, "Mke mwenzangu unajua kujipamba." Aliachwa acheze na mpira pembeni. Gari la majaribio lilipotokea kwenye kona, akautupa mpira, akakimbilia katikati, akashika kiuno.

Gari halikupunguza mwendo pale lilipozoea kupunguza. Subilaga, nyuma ya kioo, alijua hesabu zote za breki hizo. Alikuwa amezikagua yeye, kisha Gwamaka, kisha yeye tena. Hata hivyo mwili wake haukuamini hesabu, na alijikuta ameshika kitasa cha mlango.

Gari lilisimama likiwa limegusa gauni la mtoto.

"Toka!"

Tusekile hakulia. Alitazama taa moja ya gari, kisha nyingine, anatafuta uso. "Bibi?" aliuliza.

"Toka!"

Alikimbia. Aliuruka mtaro, akaanguka, akainuka, akaendelea kukimbia mpaka kwenye ukuta. Subilaga alipomfikia, gauni lilikuwa limelowa mkojo. Mtoto hakusema barabara ni hatari wala magari ni makali. Alisema, "Mama, nimemfanya nini Bibi?"

Subilaga alimwambia hajafanya kitu, Bibi anampenda, lile ni gari tu. Alimwambia hivyo mara nyingi, na kila mara alijua kwamba akiaminiwa, kazi yote imekuwa bure. Kwa hiyo mwisho alinyamaza, akamfuta machozi, akambeba mpaka garini. Tusekile alikataa kupanda mpaka mama yake alipoizima sauti.

Gwamaka aliandika kwamba jaribio limefaulu. "Ila hofu ya siku moja huisha kama homa, dada. Tungoje bangili ivuliwe, tuone kama imekaa. Ikikaa, unatoa idhini, nami nawasha nchi nzima."

*

Bangili ilivuliwa Jumamosi. Kuku alichinjwa, lakini Tusekile hakutaka kuinua mkono kwa ajili ya picha. Bibi yake hakuja. Alituma salamu na kikapu cha maparachichi, akasema magoti yanamsumbua.

Jumapili, baada ya kanisa, Subilaga akaona haiwezekani kuendelea hivyo, mtoto na bibi yake wasionane. Akampeleka mtoto Uyole. Waliegesha gari ng'ambo ya nyumba ya Bibi, wakashuka. Malori yalikuwa yakipita mojamoja, yanashuka mlima yakilalamika. Zamani pale Tusekile angekuwa ameshavuka kabla mlango wa gari haujafungwa. Sasa alisimama mbali na lami, amekumbatia mkono wake mtupu.

Bibi Anyisile akatokea mlangoni. Alimwona mjukuu wake, na moyo ukamruka mbele ya akili, kama ulivyozoea siku zote. Alishika kiuno, akapaza sauti kuvuka barabara nzima:

"Mke mwenzangu! Umeniletea nini?"

Tusekile aligeuka na kukimbia. Hakukimbilia barabarani. Alikimbia kuiacha barabara, akavuka majani, akajitumbukiza kwenye mtaro mkavu, akajikunyata na kuziba masikio. Lori likapita kati yao kwa mwendo mkali, katika mstari uleule ambamo angekuwamo kama angevuka, likaacha vumbi na harufu ya breki.

Vumbi lilipotulia, Bibi Anyisile alikuwa bado amesimama palepale, mikono imemwanguka kutoka kiunoni. Hakuita tena. Alikuja mpaka ukingoni mwa lami, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akangoja, akavuka taratibu kwa magoti yake mabovu. Aliteremka mtaroni kwa kujiburuza kwa makalio, kilemba kikamlegea. Akakaa karibu na mtoto, si karibu sana, akamnyooshea mkono.

Alifungua mdomo aseme neno.

"Bibi," Tusekile alinong'ona, "usiseme."

Bibi Anyisile aliufunga mdomo. Mtoto aliutazama ule mkono kwa muda mrefu, kisha akaushika. Wakakaa hivyo mtaroni, mwanamke aliyekuwa na maneno kuliko wote pale Uyole na mjukuu wake, hakuna anayetoa sauti. Machozi yalikuwa yakimshuka Bibi, na aliyaacha yashuke kwa sababu kupenga kungepiga kelele.

Subilaga alikuwa amesimama juu yao, analia waziwazi. Simu yake iliita. Alikuwa Gwamaka.

"Imekaa?" aliuliza.

"Imekaa."

"Niwashe?"

Subilaga alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa amesikia swali, na alijua kinachoulizwa: watoto wa sokoni, watoto wa harusini, wote. Hakukubali kwa kichwa wala hakukataa. Alimvuta tu Tusekile, akamfunika kwa kanga, akamwekea kiganja juu ya sikio ili asisikie jibu.

"Washa," Subilaga alisema.